Baridi Inatoka!

Jirani yetu ana kijumba cha magurudumu, kile cha kukokotwa na gari watu wakienda matembezi ya mbali, na msimu wa joto ukianza, huyo mtu hana raha. Asubuhi na mapema huziba madirisha kwa karatasi zinazong'aa za kufungia chakula, akatandaza mashuka yaliyolowa juu ya paa, kisha akayamwagia maji kopo kwa kopo, taratibu, kana kwamba anaogesha kichanga. Akishafunga mlango, ole wako uuguse.

"Funga! Baridi inatoka!"

Mwenyewe haingii. Huketi juani juu ya ndoo aliyoipindua, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni, akichungulia kipimajoto kilichomo ndani kupitia upenyo wa dirisha. "Ishirini na tisa!" hututangazia mtaa mzima.

Jana mkewe alikuja akasimama mbele yake, mto kwapani.

"Baba watoto, tutaingia lini?"

"Vuta subira. Jua likizama."

"Jua likizama si hata nje kuna baridi?"

Akajifuta uso kwa kiganja, akainamia tena upenyo wake.

"Ishirini na nane," akanong'ona, asije akaiamsha hiyo baridi.