Uzito Si Unene

Muuguzi wa shule alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, ila watoto walishalisahau. Wao walimwita Mama Mizani, naye hakuchukia. Kwa miaka kumi na tisa chumba chake, kati ya ofisi ya mwalimu mkuu na stoo ya mafagio, kilikuwa mahakama. Mtoto alivua viatu, akapanda mizani, akasimama kwenye rula ya ukutani. Uzito uligawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa urefu, jibu likalinganishwa na jedwali la umri wake, na hukumu ikatoka. Rufaa haikuwepo. Mwenyewe hakuwahi kupanda mizani ile. Alidai imezoea watoto.

Muhula huu hukumu ilimwangukia msichana wa darasa la sita, mrusha tufe wa shule. Jedwali lilisema "uzito uliozidi". Mama Mizani, mvivu wa maneno marefu, aliandika kwenye barua ya mzazi neno moja: "Mnene." Chini akaongeza: "Apunguziwe chakula."

Wiki ya pili mama wa msichana alipiga hodi. Alikuwa fundi cherehani, na tepu yake ya kupimia ilikuwa shingoni kama kawaida.

"Dada, mwanangu hali. Hata chai anaikataa. Jana uwanjani kaanguka kwa kizunguzungu. Nikimuuliza, ananiambia yeye mnene, muuguzi kaandika."

"Jedwali halidanganyi, mama," alisema muuguzi, ingawa sauti ilishapungua.

"Halidanganyi, lakini halishoni." Fundi alifungua daftari lake la vipimo. "Sare zake nazishona mwenyewe tangu darasa la kwanza. Tazama kiuno cha mwaka jana, tazama cha mwaka huu. Ni kile kile. Mabega ndiyo yanayonimalizia kitambaa. Sasa huo unene umekaa wapi? Na binti wa jirani yangu, uliyemwandikia kwamba yuko sawa, mwenye miguu kama njiti? Sketi yake nimeiongeza kiuno mara mbili."

Mama Mizani aliona aibu, tena aibu ya kweli. Chuoni alifundishwa kwamba namba ile inabisha hodi tu. Kama aliyemo ndani ni mafuta, misuli au mifupa, haijui, na kwa mtoto anayekua ndiyo kabisa. Alilijibu swali hilo kwenye mtihani, akafaulu, akalisahau.

Mchana alimkuta msichana nyuma ya darasa, sahani magotini, hajaigusa. Muuguzi alikaa chini, safari ndefu kwa magoti yake, akaomba ile barua. Ilitoka ndani ya daftari la hesabu, imekunjwa mara nne. Alifuta mstari wa chakula, kisha akakata "Mnene" na kuandika juu yake "Mzito".

"Si ni yale yale?" aliuliza msichana.

"Siyo. Mizani inajua uzito tu. Unene niliuongeza mimi kwa kalamu yangu. Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe."

Msichana alimtazama taratibu, kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Na wewe una kilo ngapi?"

Mama Mizani alikohoa. "Kula kwanza. Ukimaliza, twende tukapime wote wawili."

Msichana alishika kijiko, akala haraka haraka, muuguzi asije akabadili mawazo.