Mama wa Kakuyuni Anayelinda Jicho la Bingwa

Saa tatu asubuhi, benchi la zahanati moja ya binafsi huko Kakuyuni limejaa mpaka wengine wamekaa kwenye ngazi. Ndani, Kahaso Mwaro amechuchumaa mbele ya dereva wa bodaboda aliyechubuka mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo. Anasafisha mchanga taratibu kwa maji ya chumvi, chembe moja baada ya nyingine.

Dereva anauma meno, lakini mdomo haujatulia. Anataka kujua habari za Jumamosi ya wiki ijayo. Amesikia kwamba yule wa Tanga ana mkono wa kushoto mzito ajabu, na kwamba ameshawaangusha watu tisa kwa mkono huohuo. Je, Sufyan atamuweza?

Kahaso anamaliza kwanza kufunga bandeji.

"Mkono huu usiuloweshe kwa siku tatu," anamwambia. "Sufyan niachie mimi."

Benchi zima linacheka. Si mzaha mtupu, na wanaocheka wanalijua hilo. Mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita, mfunga vidonda kwa miaka ishirini na mmoja, ndiye atakayesimama kwenye kona ya Sufyan Abdurahman siku hiyo, akiwa na pamba, dawa na dakika moja tu baina ya raundi na raundi.

Pambano lenyewe limewashika watu wa Malindi na Kilifi kuliko siasa. Sufyan, kijana wa mji wa kale wa Malindi, anashikilia mkanda wa ndondi wa Afrika Mashariki wa uzani wa juu. Akida Shemboko wa Tanga anashikilia mkanda wa shirikisho la pili. Tangu mashirikisho hayo mawili yatengane, hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba yeye ndiye bingwa. Mshindi ataondoka uwanjani Malindi na mikanda yote miwili.

Basi kwenye magenge ya kahawa hakuna habari nyingine. Vinyozi wamebandika picha za Sufyan juu ya vioo. Takaungu kuna familia iliyosogeza harusi mbele kwa wiki nzima, kwa sababu bwana harusi, mashahidi wake na hata mpiga picha walikuwa wameshakata tiketi.

Wachache wanajua kwamba pambano hili lilikuwa lifanyike Januari, na kwamba aliyelizuia ni Kahaso.

Alizaliwa hapahapa Kakuyuni, mtoto wa nne katika nyumba ya wakulima wa mahindi na mihogo. Kaka yake Lewa alikuwa bondia wa ridhaa, mwepesi wa miguu, aliyekuwa akienda Malindi kwa baiskeli kufanya mazoezi. Kahaso alipokuwa na miaka kumi na tisa alikwenda kumtazama. Raundi ya pili, Lewa alipasuka juu ya jicho la kulia.

"Kilikuwa kidonda kidogo, kama ukucha," anasimulia. "Mtu wa kona akachukua taulo alilokuwa akifutia jasho la wote, akamsugua nalo. Kila raundi anasugua. Mimi sikuwa najua chochote cha dawa, lakini hilo niliona si sawa."

Kidonda kilioza. Lewa alilazwa wiki tano, na alipotoka, jicho lile lilikuwa linaona ukungu tu. Hakurudi ulingoni. Sasa ni mkulima, ana wajukuu, na hapendi kabisa kuzungumzia ndondi.

Miaka sita baadaye Kahaso aliajiriwa zahanati kama mfagiaji. Nduku, muuguzi aliyekuwa msimamizi wakati huo, aligundua kwamba mfagiaji wake alikuwa akisimama mlangoni kila mgonjwa wa kidonda alipoingia. Siku moja akamkabidhi mkasi na kumwambia afanye anachokiona kila siku. Akamfundisha kwa miaka miwili, akamtafutia nafasi ya kusoma huduma ya kwanza, na alipostaafu akamwachia chumba cha kufungia vidonda.

Ndondi zilimfuata humohumo chumbani. Mwaka 2014 kocha Hesbon Thuku, askari mstaafu aliyehamia Malindi na kuanzisha klabu, alimleta bondia wake aliyekuwa akitoka damu puani kwa saa nzima. Kahaso aliizuia kwa dakika nne. Hesbon hakuondoka. Alimuuliza kama anaweza kuifanya kazi ile kwa dakika moja.

"Nilimwambia sijui, lakini ningependa kujaribu," Kahaso anasema.

Pambano lake la kwanza, msimamizi alimzuia kwenye kamba na kumwelekeza akae na watazamaji. Hakuwahi kuona mwanamke kwenye kona. Hesbon alimjibu kwamba basi na bondia wake hapandi. Walibishana mpaka watu wakaanza kupiga miluzi, na mwishowe Kahaso akapanda. Miaka mitatu baadaye alipata leseni, na leo hakuna ukumbi wa Pwani usiomjua Mama Idah, jina wanalomwita kwa binti yake mkubwa.

Kazi yenyewe anaieleza kwa maneno machache. Bondia anapoketi, sekunde kumi zimeshapotea. Unafuta damu uone kidonda kilipo, unakandamiza kwa pamba yenye dawa ya kukaza mishipa, huachii hata kocha akipiga kelele, kisha unapaka mafuta mazito juu. Uvimbe unaukandamiza kwa chuma bapa kilicholazwa kwenye barafu. Na kabla ya yote hayo, unakuwa umeosha mikono.

Novemba mwaka jana, katika ukumbi mmoja mjini Kilifi, kazi hiyo ilijaribiwa kuliko wakati wowote. Sufyan alikuwa akitetea mkanda wake. Raundi ya nne wakagongana vichwa, na nyusi ya kushoto ikafunguka kwa urefu wa kidole gumba. Damu ikamwingia jichoni. Daktari wa ulingo alikuja kwenye kona, akatazama, akasema atampa raundi moja tu.

Kahaso alikandamiza. Anakumbuka kwamba Sufyan alikuwa akijaribu kuinuka kabla ya kengele, naye akamrudisha kwa kiganja.

"Nilimwambia tulia, damu inakusikia. Ukipapatika na yenyewe inapapatika."

Damu ilikoma. Ikafunguka tena raundi ya saba, akaizuia tena. Sufyan alishinda kwa pointi raundi kumi na mbili zilipokwisha, na picha iliyosambaa kesho yake haikuwa ya ngumi yoyote, bali ya mama mwenye lesso kiunoni akiwa amelishika paji la uso la jitu la kilo mia na sita.

Wiki tatu baadaye mwandalizi wa pambano alikuja na habari njema. Shemboko amekubali kuunganisha mikanda, na tarehe ni mwisho wa Januari. Malindi nzima ikashangilia. Kahaso aliitwa kwenye klabu na kuahidiwa shilingi elfu sitini kwa siku hiyo moja. Mshahara wake zahanati ni elfu kumi na nane kwa mwezi, na Idah alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuo cha uuguzi.

Akaomba amwone Sufyan kwanza. Alimkalisha karibu na dirisha, akaipapasa ile nyusi kwa kidole. Ngozi ilikuwa imejifunga juu, lakini chini yake ilikuwa laini, na pembeni palikuwa na kovu la zamani lililoshonwa vibaya. Akawaambia wote waliokuwepo kwamba Januari haiwezekani. Jicho lile lingefunguka kwa ngumi ya kwanza, na safari hii huenda lisifunge.

Mwandalizi alimweleza kwa upole kwamba yeye si daktari. Kahaso alikubali kwamba si daktari, na akasema kwamba hata hivyo hatasimama kwenye kona hiyo.

"Sikuwa na hasira," anasema. "Kuna mtu ninayemwona kila siku akigeuza shingo ili amwone mtu aliye upande wake wa kulia. Nisingeweza kwenda nyumbani nikamtazama."

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mwandalizi alitafuta mtu mwingine. Mjini pakavuma kwamba Mama Idah amehongwa na watu wa Tanga. Sokoni kuna muuza samaki aliyekataa kumuuzia. Hesbon, rafiki yake wa miaka kumi, alinyamaza, akiogopa kuipoteza nafasi aliyoisubiri maisha yake yote. Sufyan naye hakumpigia simu kwa siku kumi na tisa.

Siku ya ishirini, Kahaso alipofungua mlango kumwita mgonjwa anayefuata, alimkuta bingwa ameketi mwisho wa benchi, magoti yakimfika kifuani. Kando yake alikuwa mama yake, Bi Zuleikha, katika buibui lake. Walikuwa wamefika tangu saa mbili. Watu walitaka kuwapisha, lakini Bi Zuleikha alikataa, akasema mwanawe atangoja zamu yake kama wengine.

Zamu ilipofika, Sufyan aliingia akiinamisha kichwa kuukwepa mlango.

"Shikamoo, Mama Idah."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Nimekuja unitazame kama mgonjwa," Sufyan alisema. "Ubondia nimeuacha nje."

Kahaso alimtazama kwa nusu saa. Alimpa kioo, akamwonyesha palipo laini na palipo pagumu, akamweleza kwamba kovu la zamani lilipaswa kukatwa na kushonwa upya kutoka ndani, na kwamba kazi hiyo si yake. Akamwandikia barua kwa daktari wa upasuaji Mombasa. Bi Zuleikha aliuliza swali moja tu, kama mwanawe ataona sawasawa akizeeka. Kahaso alimjibu kwamba akingoja, ataona.

Daktari wa Mombasa alisema yaleyale, na akaongeza wiki kumi na sita za kupumzika baada ya kushona. Sufyan mwenyewe ndiye aliyempigia mwandalizi simu kuifuta Januari. Wengi walidhani Shemboko atamcheka. Kumbe bingwa huyo wa Tanga alimtumia ujumbe kwamba atangoja, kwa kuwa hataki kuambiwa maisha yake yote kwamba alimpiga mtu mwenye jicho moja.

Mchana, zamu ya Kahaso ikiisha, tunafuatana naye hadi klabuni Malindi. Sufyan anapigana mazoezi na vijana wawili wanaopokezana, kila mmoja akiagizwa kuilenga nyusi ya kushoto. Wanailenga. Miezi mitatu sasa, Hesbon anasema, na haijatoa tone.

Kocha hataki kuficha lililopita. Anakiri kwamba Desemba alitaka kumwambia Kahaso afunge mdomo. "Nilikuwa naitazama mikanda," anasema. "Yeye alikuwa anamtazama mtu. Nilikwenda Kakuyuni nikamwomba radhi, na mke wangu akanikumbusha nibebe sukari na majani ya chai."

Sufyan anashuka ulingoni, jasho likimtiririka, na bila kuambiwa anainama mbele ya mama huyo ambaye kichwa chake kinafika kifuani kwake. Kahaso anapitisha kidole juu ya nyusi, mara mbili, kisha anamgonga begani. Maana yake, amepita.

Namuuliza bondia kama anamhofia Shemboko. Anasema Shemboko ni fundi, na fundi huheshimiwa. "Lakini nimejiandaa miezi sita badala ya wiki sita nilizokuwa nipewe," anasema. "Naingia nikiwa mzima. Mtu mzima ni vigumu kumpiga."

Lewa hatakuwepo uwanjani. Tulipomkuta shambani akipalilia mihogo, alisema atasikiliza redioni, tena kwa sauti ndogo, na wakiingia raundi ya nne huenda akatoka nje. Nilimuuliza anamwonaje dada yake. Alisema kwamba watu wengi humsifu kwa damu aliyoizuia Kilifi, lakini yeye anamsifu kwa Desemba.

Na ikitokea Jumamosi jicho lile likafunguka, uwanja umejaa, mikanda yote miwili iko mezani, na Sufyan anaongoza?

Kahaso anakunja lesso yake vizuri kabla ya kujibu. Anasema kama kidonda kiko juu ya mfupa ataendelea, na kama kimeshuka kwenye kope la jicho atamwita daktari yeye mwenyewe. Ameshakubaliana na Sufyan, mbele ya Bi Zuleikha.

"Lakini sioni kama tutafika huko," anaongeza. "Nimeishika ngozi ile kila siku. Imekomaa. Sufyan anashinda, na anashinda akiwa na macho mawili."

Kuna jambo jingine linalomshughulisha wiki hii kuliko hata mikanda. Ameomba chumba cha nyuma cha klabu, amekipaka chokaa, na amewaandikisha watu wanane kutoka klabu za Mnarani, Takaungu na Malindi, watatu kati yao wanawake, awafundishe kazi ya kona bila malipo. Kila klabu ya Pwani, anasema, iwe na mtu mmoja anayejua kutumia pamba safi. Mwandalizi alimshauri angoje matokeo ya Jumamosi, kwani ikiwa kona yake ni ya bingwa wa mikanda miwili, watu watajiandikisha kwa mamia.

Hakuona sababu ya kungoja.

"Tunaanza Jumatatu hii saa nane, tushinde tusishinde," anasema. "Nimeshawaambia waje na sabuni. Siku ya kwanza ni kuosha mikono tu."