Tetemeko la Benchi

Namshukuru Mola aliyeituliza ardhi chini yetu, akanipa na umri wa kuchekwa bila kukasirika.

Wiki iliyopita kijana mtaalamu wa miamba alifika katika kijiji chetu cha ujamaa, hapa Iramba, na kidude cha transista kinachohisi mtikisiko. Alikifukia katika sanduku la udongo, mfano wa ardhi yetu, sindano yake ikionekana juu, akaliweka kwenye benchi. Akilitikisa kidogo, sindano inacheza. Akilitikisa sana, inaruka.

"Mzee, kiangalie, naenda kunywa maji. Ardhi ikitetemeka kweli, itaruka hivi."

Nikaketi kando ya sanduku, kwenye benchi lilelile, nikafungua msahafu. Punde sindano ikacheza. Nikawaza tembe zetu na udongo mzito wa mapaa yake, na binti yangu Mwajuma, aliyejifungua juzi, amelala ndani. Nikazidi kusoma, kwa sauti na kwa haraka. Sindano ikaruka!

"Tokeni! Tetemeko!"

Kijiji kizima kikamiminika nje, Mwajuma na kichanga kifuani, wengine wakilia. Mtaalamu akarudi mbio. Sindano ilikuwa imetulia kimya.

"Mzee, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasoma, mwanangu."

"Hebu soma tena."

Nikaketi palepale, nikasoma nikiyumba mbele na nyuma, kama nilivyozoea tangu chuo cha Kurani. Benchi likalia. Sindano ikaruka.

"Baba," akasema Mwajuma, "kumbe tetemeko ni wewe!"

Nawe msomaji, Mungu alishikilie paa la nyumba yako, na wote walalao chini yake.