Sindano ya Andendekisye

Kwa miaka tisa hapakuwa na harusi Iyunga iliyochezwa bila gramafoni ya Andendekisye. Aliinunua alipokuwa mchimbaji wa dhahabu kule Chunya. Lilikuwa sanduku jeusi la kubeba mkononi, limechubuka pembeni kama kisigino cha mkulima. Siku ya harusi alivaa koti, akaketi kivulini, akazungusha mkono wa mashine, na watu wakamngoja kama wanavyomngoja mchungaji. Siku nyingine alikuwa mkulima wa viazi tu.

Mwaka 1956 jirani yake Yotamu, dereva wa lori, alirudi kutoka Iringa na gramafoni ya kabati. Ilimfika mtu kiunoni, mbao zake ziling'aa, na mbele ilikuwa na milango miwili ya kutolea sauti. Watu walisema bei yake ni ng'ombe wanne. Yotamu alimsimulia kila mtu jinsi lori lilivyokwama matopeni Nyololo, akavua koti kuifunika mashine, akanyeshewa yeye.

Andendekisye aliisikia habari hiyo mara tatu. Mara ya tatu alitamani mvua ile ingekuwa kubwa zaidi.

Hakwenda kuiona kabati. Mke wake, Tusajigwe, alikwenda.

"Ikoje?" Andendekisye akamwuliza aliporudi, huku akijifanya anachambua mbegu.

"Nzuri."

"Nzuri namna gani?"

"Ya Yotamu unamsikia mwimbaji hata anapovuta pumzi."

"Na yangu?"

Tusajigwe alifikiri kidogo, kwa sababu hakuwa mwongo. "Yako unaisikia sindano."

Ni kweli. Mashine hizi hutaka sindano mpya kwa kila upande wa santuri, lakini nani Iyunga angeziweza? Andendekisye alizinoa za zamani kwenye jiwe la mtoni, moja hiyo hiyo msimu mzima. Kila wimbo wake ulikuwa na mkwaruzo mdogo ndani yake, kama mahindi yanayopepetwa nyumba ya mbali.

Kisha Damari, binti wa Anania, mzee wa kanisa, akachumbiwa. Yotamu akawahi kujitolea kuipigia harusi. Anania, mtu wa haki, aliwaita wote wawili nyumbani kwake Jumapili baada ya ibada: kila mmoja apige santuri ile ile, kisha atachagua. Andendekisye alijua kwamba akikataliwa hapo, hataitwa tena popote. Akaenda mjini Mbeya akanunua sindano mpya moja.

Yotamu alipokwisha kuipanga kabati yake, alijipapasa mifuko. "Sindano zangu zimebaki kwenye lori, na lori limekwenda Tukuyu. Kaka, nigawie moja."

Andendekisye alikuwa nazo mbili mfukoni. Akamwekea kiganjani ile ya kunolewa, kwa upole kabisa.

"Ndaga, kaka," Yotamu akamshukuru.

Sikio la kuaminiwa katika nyumba ile lilikuwa la Atuganile, mke wa mtoto mkubwa wa Anania, kiongozi wa kwaya. Lakini kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala hasemi naye. Kwa hiyo alikaa chumba cha ndani, nyuma ya mkeka, asione chochote, na maneno yake yalipitia kwa mama mkwe wake, Mama Damari.

Andendekisye alianza. Sauti ikatoka safi, na kwa mara ya kwanza akamsikia mwimbaji wake akivuta pumzi. Yotamu akafuata. Kabati ikafungua milango yake miwili, na mahindi yakapepetwa. Yotamu akakunja uso, akainama kuichungulia.

"Mama Damari," Anania akasema, "mwulize mkweo anasemaje."

Mama Damari akaingiza kichwa nyuma ya mkeka, akarudi. "Anasema ya kwanza ni safi. Hiyo ndiyo ile ya ng'ombe wanne."

Anania akainua mkono watu wasicheke. Andendekisye alihisi kifua kikimjaa.

"Kwa hiyo tuchukue ya kwanza?"

Mama Damari akaenda tena. "Hapana. Anasema ile yenye mkwaruzo ndiyo iliyopigwa siku alipoolewa yeye. Anaijua hata akiwa usingizini. Damari naye achezewe hiyo."

Anania akaitazama kabati. "Ya pili, basi. Yotamu, Jumamosi uje mapema."

Yotamu akatabasamu, ingawa hakuelewa. Andendekisye angeweza kunyamaza na kubaki na heshima yake. Lakini wivu uliompata sasa haukuwa wa mbao wala wa milango. Mkwaruzo ule aliunoa yeye kwa mkono wake miaka tisa, na sasa unakwenda kulala kwenye kabati ya mtu mwingine.

"Sindano ile ni yangu," akasema. "Nimempa ya zamani, nikabaki na mpya."

"Kaka, umenipa mbovu makusudi?"

"Ya kunolewa. Si mbovu."

Nyuma ya mkeka kicheko kilitoka, kikamezwa upesi.

Wakabadilishana sindano. Sanduku likakwaruza, kabati ikawa safi kama sanduku lilivyokuwa kwanza, wala si zaidi. Anania akakuna kidevu. "Sasa hao ng'ombe wanne wamekwenda wapi?"

Yotamu aliifuta kabati kwa mkono wa shati. "Kwenye mbao, baba."

"Andendekisye, harusi utapiga wewe. Lakini umemdanganya jirani yako nyumbani kwangu. Kabati hii utamsaidia kuibeba mpaka kwake."

Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

Jumamosi alipiga mpaka jua likashuka, na Atuganile alicheza upande wa wanawake, mbali na macho ya baba mkwe. Yotamu hakucheza. Alisimama penye ua akiitazama sindano, na Andendekisye aliutambua uso ule, kwa kuwa yeye mwenyewe aliuvaa tangu siku ya habari za Nyololo.

Jumatatu asubuhi alisikia sauti kutoka kwa jirani. Yotamu alikuwa ameketi kizingitini, jiwe la mtoni mapajani, ananoa sindano. Andendekisye alisimama kwenye matuta ya viazi akasikiliza kwa muda mrefu.

"Anainoa vibaya," akamwambia Tusajigwe.

"Si ukamwonyeshe?"

Andendekisye akainama, akaendelea kulima.