Nilivyofanywa Mama wa Staa Nisiyemzaa

Nimewahi kumwapia nesi mara mbili kwamba mimi si mama wa mgonjwa. Akaniletea glasi ya maji, akaniambia nitulie, ni mshtuko tu.

Muda huohuo mama mzazi wa mgonjwa alikuwa nje, mlinzi amemshika mkono asiingie.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda karibu na soko, na kwa miaka minne nilishona nguo za jukwaani za mwanamuziki ambaye mashabiki wanamwita Asali. Hata kama humpendi, nyimbo zake zimeshakuingilia dirishani.

Asali ni kijana mpole. Marehemu baba yake alikuwa daktari wa meno. Mama yake ni mwalimu mkuu wa sekondari. Kalelewa kwenye nyumba ya vyumba vitano, kajifunza piano akiwa amevaa soksi nyeupe.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa.

"Hana mateso," meneja wake alinilalamikia siku moja akisubiri koti. "Staa bila mateso ni kama tangazo la sabuni. Nani atamlilia?"

Wakaamua kutengeneza filamu ya maisha yake. Na maisha yenyewe wakayatengeneza.

Mwalimu mkuu alipoombwa aseme kwamba alimlea mwanawe kwa kuokota chupa, aliwatazama juu ya miwani. "Semeni tena," akawaambia, "lakini taratibu, msikie mnachosema."

Ndipo wakaja kwangu.

"Mama fundi, ni kuigiza tu," Asali akaniambia, macho chini. "Dakika tano."

Nilikubali. Sitajisafisha hapa. Nilitaka kuonekana kwenye runinga, basi.

Wakanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, wakanipaka masizi shavuni. Muongozaji akasema lia. Machozi yakagoma. Nikakumbuka satini ya bi harusi niliyowahi kuiunguza kwa pasi asubuhi ya harusi.

Nililia mpaka mpiga picha akaanza kupenga kamasi.

Filamu ikatoka, mitandao ikalowa. Kuanzia siku hiyo nikawa Mama Asali. Muuza nyanya ananiongezea mbili. Redio ikaniita kuwafundisha watu malezi.

Binti yangu wa kuzaa akanipigia simu. "Mama, huyo kaka yangu aliyelala njaa, ulimficha chumba gani?"

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Sasa mchana mmoja Asali akaanguka mazoezini. Koo lilikuwa limemvimba siku nne, ila meneja alimwambia aendelee kuimba, eti sauti ya kukwaruza ina soko. Anafikishwa hospitali, homa imempanda, hajitambui.

Meneja akanipigia mimi. Mama mzazi hakumpigia, kwa sababu waandishi walishajaa getini.

Namba ya mwalimu mkuu nilikuwa nayo, niliwahi kumshonea gauni. Nikampigia nikiwa njiani. Tukafika pamoja.

"Mama Asali, pita. Pole sana," mlinzi akaniambia.

"Mama yake ni mimi," mwalimu mkuu akasema.

Mlinzi akamtazama kwa huruma. "Leo wewe ni wa tatu kudai hivyo, mama. Rudi nyuma."

Kabla sijageuka, nesi alishanivuta ndani.

"Mama, ana usaha kooni, tunampeleka upasuaji sasa hivi. Kuna dawa yoyote inayomdhuru?"

Nilijua kipimo cha kiuno chake, mabega yake, urefu wa mikono yake. Hilo sikulijua.

"Mimi si mama yake. Mama yake yuko nje."

"Kaa kidogo, mama."

"Wallahi si mimi. Ile ilikuwa filamu."

Hapo ndipo maji yakaletwa. Na mwenzake akanong'ona, "Maskini, amechanganyikiwa. Na mateso yote yale aliyopitia."

Daktari alikuwa anavaa glavu. Nikaona nikiendelea kusema ukweli, kijana atakufa mikononi mwangu.

Nikasema uongo.

"Dada, nina msaidizi wangu wa ndani. Yeye ndiye aliyekuwa anampa mtoto dawa. Yuko getini, amevaa miwani."

Alifuatwa mbio. Mwanamke mwenye walimu thelathini na nane chini yake akaletwa ameshikwa kiwiko, na nesi akamwambia, "Haya dada wa kazi, sema upesi."

Akanitazama. Nikatamani sakafu inimeze.

"Asipewe penisilini," akasema. "Akiwa na miaka minne alichomwa sindano moja tu, akavimba uso, pumzi ikakatika. Msimpe."

Daktari akageuka. Sindano iliyokuwa tayari kwenye trei ikaondolewa.

Ilikuwa penisilini.

Alipona. Na wa kwanza kuja na maua alikuwa meneja, akiwa na kamera. Anataka sehemu ya pili: dada wa kazi aliyeokoa maisha ya staa.

Asali hakuwa na sauti bado. Akamwandikia kwenye karatasi, "Umefukuzwa."

Alipoweza kuongea, akajirekodi akieleza kila kitu na kumwomba mama yake msamaha. Mkasikia wenyewe. Na majibu yenu niliyasoma.

"Dawa za usingizi hazijamtoka."

"Dada wa kazi kamloga, anataka cheo cha mama."

"Mbona huyo mwanamke hajalia hata tone? Mama gani huyo?"

Wengine walimfuata mwalimu mkuu mpaka lango la shule, wakamwambia aniache nipumzike.

Wiki iliyopita alikuja kibandani kwangu. Hakuleta kitambaa. Akakaa kwenye benchi la wateja, mkoba magotini.

"Dada, nifundishe kulia."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Wanasema sikulia. Na mimi mbele za watu siwezi, sijawahi. Wewe uliwezaje?"

Nikasimamisha cherehani. Nikamshika mkono.

Akalia pale, dakika kumi nzima, miwani imejaa ukungu. Hakuna aliyempiga picha.

Funzo, kwa kuwa mtaniuliza: mkiona mtu analia kwenye simu zenu, msikimbilie kusema mnamjua. Mimi mlinijua sana.