Mabuti ya Baba

Juzi wajukuu wangu walitundika shuka sebuleni ili waigize, na mmoja akatokea nyuma yake amevaa viatu vya baba yake. Mara nikasikia harufu ya bati lililochomwa, harufu ya kwetu Katwe.

Alasiri moja huko, nilipokuwa mtoto, zamu ya kuwa askari ilikuwa yangu. Nilivaa mabuti ya Baba, nikasimama uani nyuma ya shuka lililoanikwa na kunguruma ndani ya kopo tupu la samli: "Toka nje! Mikono juu!" Kaka zangu wakatoka, wakitetemeka kwa raha.

Ng'ambo ya ua, nyundo ya jirani yetu, fundi wa sufuria, ikanyamaza. Nikadhani anasikiliza mchezo. Mtaani pale, ukituondoa sisi, waliosema Kiswahili walikuwa wanajeshi waliokuja kuchukua watu. Hilo nimelielewa ukubwani.

Mkewe akaja mbio, akapiga magoti mbele yangu, macho chini, kama wanawake wa Kiganda wanavyowaheshimu wakubwa. Alichokiona chini ya shuka ni mabuti tu.

"Afande, nisamehe. Bwana yangu hayuko. Alienda Nakawa."

Nilifurahi mno kwamba mtu mzima ameingia mchezoni. Nikarudisha kopo mdomoni. "Muongo! Yuko wapi?"

Akayakumbatia mabuti, akalia. Mama alitoka jikoni mikono imejaa unga, akapiga magoti pale pale vumbini, akamshika mabegani.

Sisi watoto tukampigia makofi. Katika michezo yetu yote, hakuna aliyewahi kulia vizuri namna ile.