Pikiniki ya Dishon Kule Simbi

Dishon Ogweno alikuwa fundi wa baiskeli mjini Homa Bay, na kama kungekuwa na baiskeli inayoendeshwa kwa maneno, angefika nayo Mombasa bila kushuka. Ufundi alijifunza kwa Mhindi mmoja wa Kisumu. Maneno hakufundishwa na mtu. Ukimletea gurudumu lililopinda, alilinyoosha vizuri kabisa huku akikusimulia jinsi alivyopambana na kiboko ufuoni. Ukirudi wiki ijayo kuziba pancha, viboko walikuwa wameshakuwa wawili, na mmoja alikuwa na mimba.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo ulimi ule ulishindwa kulisema. Jambo lenyewe liliitwa Roseline, msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya misheni upande wa Kendu. Kila alipokuja Homa Bay kumtembelea dada yake, Roseline alipitisha baiskeli kwa Dishon, hata siku ambazo baiskeli haikuwa na ugonjwa wowote. Mtu yeyote mwenye macho angeelewa. Dishon naye alielewa. Akapaka mnyororo mafuta, akameza mate, akamsimulia habari za kiboko. Hivyo mwaka ukapita, na mwingine ukaja.

Basi mwaka wa 1965, mwenye duka mmoja wa Awendo akatuma mshenga kwa baba yake Roseline. Mzee akajibu kwamba atasema neno lake baada ya mavuno. Roseline hakungoja mavuno. Alikuja kibandani kwa Dishon, akaegemeza baiskeli ukutani, akasema, "Dishon, kuna mtu anataka kunioa."

"Mtu gani?"

"Mtu anajua kusema kitu anataka." Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Wiki ile nzima Dishon alikaza nati alizotakiwa kulegeza. Alijua kwamba asiposema sasa, harusi itafanyika na yeye ataalikwa kuziba pancha za wageni. Lakini kusema wapi? Kibandani palikuwa na watu, hospitalini palikuwa na wagonjwa, na kwa baba yake Roseline palikuwa na baba yake Roseline. Ndipo akakumbuka pikiniki.

Mpango huo alimfunulia kwanza rafiki yake Maroa, fundi wa malori. Maroa alikuwa Mkuria wa Isebania, na kwa kuwa hakujua Dholuo, na Dishon hakujua Kikuria, urafiki wao wote uliishi ndani ya Kiswahili.

"Omera, Jumapili tunaenda pikiniki," Dishon alimwambia.

"Pikiniki ndio nini?"

"Unabeba chakula, unaenda kukula mbali, unaangalia maji."

Maroa alifikiri. "Nyumba yako inavuja?"

"Haivuji."

"Sasa kwa nini ukule nje kama mtu amefukuzwa?"

"Ni starehe! Wazungu wa misheni walikuwa wanafanya hiyo kila mwezi pale Simbi. Saa hii Uhuru ni yetu, na hiyo maji ni yetu. Tutakaa pale tule kuku."

Kwa neno la kuku, Maroa hakuuliza tena.

Simbi ni ziwa la mviringo lililojaa ndani ya shimo la volkano, karibu na Kendu. Ziwa kubwa liko pale pale jirani, limejaa samaki na mashua, lakini Simbi halina hata dagaa mmoja. Maji yake ni ya kijani, kama yale yanayobaki sufuriani ukishachemsha mboga, na yana magadi. Wenyeji wanasimulia kwamba zamani palikuwa na kijiji. Siku moja watu wakiwa kwenye sherehe ya pombe, alitokea bibi kizee mgeni akiomba chakula na mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, na bibi akamwambia aondoke na watu wake upesi. Mvua ikanyesha, ardhi ikafunguka, na sherehe yote ikazama pamoja na mitungi. Ndiyo maana pakaitwa Simbi Nyaima, Simbi iliyozama.

Dishon alimsimulia Maroa hayo yote njiani, akikanyaga pedali kwa madaha, amevaa koti na tai. "Lakini hiyo ni mambo ya kizamani," alimalizia. "Mimi ni mtu wa spana. Siwezi kuogopa mwanamke mzee." Maroa alisema yeye pia haogopi, na kwamba kwao wanawake wazee hawazamishi mtu, wanamsema tu mpaka anatamani kuzama.

Roseline, aliyekuwa ametumiwa mwaliko, aliwakuta ukingoni mwa shimo. Alikuja na Filister, mwenzake wa kazini, aliyekuja kuangalia heshima isivunjwe, na pia kwa sababu alisikia kuna kuku. Dishon alitandika blanketi, akapanga mkate, chupa ya chai, na kuku mzima aliyekaangwa na jirani yake. Chini yao ziwa lilitulia. Kando yake flamingo walisimama kwa mguu mmoja mmoja, wengi ajabu, wakiinamia maji.

Palikuwa pazuri sana. Hata Maroa alikiri kwamba chakula cha nje kina ladha yake. Kilichobaki ni Dishon kusema.

"Roseline," alianza, "nilitaka kukuambia..."

"Sema."

"Nilitaka kukuambia hii ziwa iko na shimo refu sana."

Filister alikohoa. Roseline akatazama maji, akangoja. Alikuwa hodari wa kungoja, maskini, alikuwa amefanya mazoezi miaka miwili.

"Roseline..."

"Niko hapa."

"Wale ndege wanaitwa flamingo."

"Najua, Dishon. Niliwajua kabla nikujue wewe."

Dishon alizunguka mbuyu namna hiyo mpaka jua likapita utosini. Alieleza magadi, akaeleza volkano, na alikuwa ameanza kumgusia kiboko aliposikia sauti nyuma yake.

"Watoto, mnakula nini?"

Alikuwa bibi kizee, miguu mitupu, fimbo mkononi, kiko kimebanwa kwenye pembe ya mdomo. Hakuna aliyemwona akija. Maroa, mdomo umejaa, alimjibu kwa ukarimu wa mtu asiyejua yuko wapi: "Mama, ngoja kidogo. Hii ni ya watu wametoka mbali. Ikibaki tutakupatia."

Nywele zilimsimama Dishon. "Maroa!" alinong'ona. "Unataka tuzame?"

Alimtazama Roseline ili ampe moyo, akakuta amejifunika uso kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Masikini, analia kwa hofu, Dishon alifikiri. Akaruka, akampokea bibi fimbo, akamkalisha katikati ya blanketi. Akampa paja, akampa mkate, akammiminia chai. Kisha, kwa kuwa hakutaka lawama yoyote kutoka chini ya ardhi, akamtafutia firigisi na kumpa kwa mikono miwili.

Bibi aliitazama firigisi ile. Kwa desturi za huko, kipande hicho ni cha mwenye nyumba, mwanamume, na mwanamke hakigusi. Akacheka kwa ufizi wote.

"Unanipa mimi firigisi? Ero kamano, chuora."

Ero kamano ni asante; chuora maana yake ni mume wangu. Ndivyo nyanya wa Kijaluo anavyomtania mjukuu wake wa kiume, au kijana anayemchumbia mjukuu wake. Dishon alilijua hilo tangu utotoni, lakini nyanya zake wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Alichosikia yeye ni kwamba bibi wa Simbi ametoka majini na amemchagua yeye. Wakati huo huo Filister akapiga chafya, na flamingo wote wakaruka kwa mkupuo mmoja, ziwa likavuma kwa mabawa.

Dishon akapiga magoti, tai ikaingia kwenye chai.

"Mama, chukua kuku yote," alisema. "Chukua mkate, chukua blanketi. Ukitaka mume, chukua huyu Maroa, ana nguvu. Lakini mimi siwezi. Mimi nampenda huyu Roseline. Miaka mbili nampenda. Baiskeli yake haina makosa, ni mimi nalegezanga kengele ndio arudi! Kama ni lazima mtu azame, basi nizame mimi, lakini yeye mwache aende nyumbani."

Maroa alisahau kutafuna.

Roseline alifunua uso. Machozi yalikuwepo, ila hayakuwa ya hofu, na sasa hayakuwa ya kicheko peke yake. "Dana," alimwambia bibi, "umeshiba, au tukuongeze?"

"Dana?" Dishon aliuliza, bado yuko magotini.

"Ni mama ya mama yangu. Anaitwa Nyar Kagan. Boma yake iko hapo nyuma tu. Nilimwambia leo nakuja na mtu, akasema atakuja kumwangalia."

Huenda Dishon ndiye mtu pekee aliyewahi kukaa Simbi akiomba ardhi ifunguke. Haikufunguka. Alisimama, akakamua tai. Maroa alicheka mpaka akashika mbavu. Filister alicheka. Nyar Kagan alikuwa anakula firigisi yake taratibu na hakutaka kubughudhiwa.

"Rudia," Roseline alisema.

"Nirudie nini?"

"Ile umesema. Hiyo ulimwambia jini. Sasa niambie mimi."

Dishon aliangalia maji, akaangalia viatu vyake. Hapakuwa na kizuka wa kumsukuma, wala kiboko wa kumficha, na aliogopa kuliko alivyoogopa alipokuwa magotini. Aliogopa kwamba akisema, ataambiwa amechelewa. Kisha akamtazama Roseline usoni na kuyasema yale yale kwa Dholuo, kwa sauti ya chini, kwa neno moja tu.

"Aheri."

"Amesema nini?" Maroa aliuliza.

"Nyamaza, kula," Filister akamwambia.

Roseline alichukua kitambaa, akajifuta macho, akakikunja polepole kama anayepanga mambo kichwani.

"Kesho naenda kwa baba," alisema. "Nitamwambia amjulishe yule wa Awendo asingoje mavuno, atafute kwingine."